Rahisi Ni Ghali: Kijana na Gari la Kifahari la Mitumba

SOMO KWA VIKUNDI VYA KUJISAIDIA

Muda: saa mbili. Vifaa: karatasi kubwa, kalamu, na kokoto thelathini.

Lengo la somo

Mwisho wa somo hili wanakikundi waweze:
1. Kueleza kwa nini gari la kifahari lililotumika huuzwa kwa bei ya chini.
2. Kupiga hesabu ya gharama ya gari baada ya kununuliwa.
3. Kumshauri kijana bila kumvunja moyo.

Utangulizi

Hapa Liboi gari si anasa. Kutoka hapa hadi Dadaab ni kama kilomita 80, na hadi Garissa ni kama 180. Mama mwenye uchungu wa kuzaa, maziwa ya asubuhi, mbuzi wa kupeleka sokoni, wote wanangojea gari. Kwa hiyo kijana akisema anataka gari, asichekwe. Swali letu ni hili: gari gani, kwa kazi gani, na kwa pesa ya nani?

Siku hizi vijana wetu wanaonyeshana picha kwenye simu. Wanaona Mercedes, BMW X5 au Range Rover ya miaka 12 au 15 ikiuzwa Nairobi au Mombasa kwa bei inayokaribia ile ya Probox nzuri. Kijana anajiuliza: kwa nini nichukue Probox wakati pesa hiyo hiyo inanipa Mercedes? Ni swali la haki, na linahitaji jibu lenye hesabu. Kumwambia tu kwamba hiyo ni tamaa si jibu.

Igizo fupi

Wanakikundi watatu waigize: kijana, baba yake mdogo, na mama.

KIJANA: Adeer, nimepata gari Nairobi. Ni Mercedes, viti vya ngozi. Bei imeanguka kabisa.
MZEE: Imeanguka kwa nini, adeer?
KIJANA: Mwenyewe ana shida, anataka pesa haraka.
MZEE: Hiyo shida ni yake ama ni ya gari?
KIJANA: Gari iko sawa. Nimeona picha.
MZEE: Mimi nikinunua ngamia naangalia meno, naangalia miguu, namtembeza. Wewe umeona picha. Na pesa itatoka wapi?
KIJANA: Tuuze ngamia saba.
MAMA: Saba gani? Wale wa maziwa?
KIJANA: Hooyo, madume tuliyo nayo hayafikishi hiyo bei. Nikiwa na hiyo gari watu wataniheshimu. Hata mashirika ya Dadaab yatanikodi.
MZEE: Umewauliza hao wa mashirika wanakodi gari gani?

(Kijana ananyamaza. Igizo linaishia hapo.)

Mwezeshaji aulize: Tumeona nini? Kijana amesema kweli wapi? Mzee amesema kweli wapi? Hili linatokea kwetu? Wapeni vijana nafasi ya kusema kwanza, wazee wafuate.

Jambo la kwanza: Kwa nini bei imeanguka

Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza nchini gari lililopita miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Basi ukiona gari la miaka 15 linauzwa Nairobi, jua kwamba limekula barabara za Kenya si chini ya miaka 7, na pengine limepita mikono ya watu watatu au wanne. Kila mmoja aliliuza kwa sababu yake.

Tajiri wa kwanza alilihudumia kwa wakati. Wa pili alichelewesha huduma. Wa tatu aliona taa nyekundu inawaka, akaenda kwa fundi, akatajiwa gharama, akaamua kuuza. Wa nne ndiye wewe.

Hapa ndipo siri ilipo, na mwezeshaji aiandike kwenye karatasi kwa herufi kubwa: BEI YA GARI IMESHUKA, BEI YA VIPURI HAIKUSHUKA. Gia boksi ya gari la kifahari haijui kwamba gari limezeeka. Bado inauzwa kama kipuri cha gari la tajiri. Ndiyo maana matengenezo mawili makubwa yanaweza kukaribia bei uliyonunulia gari lenyewe.

Jambo la pili: Gari lile na njia yetu

Magari haya yalitengenezwa kwa lami safi na miji yenye mafundi wake. Tuyalinganishe na njia ya kwetu, mchanga wakati wa kiangazi na tope wakati wa mvua.

- Tumbo liko chini. Gari dogo la kifahari hugonga mawe, na sampu ya oili ikipasuka injini inaweza kufa kabla hujajua.
- Mengine hubebwa na mifuko ya hewa badala ya springi za chuma. Mfuko ukitoboka gari linalala chini kama ngamia aliyekataa kuinuka, na fundi wa kawaida hana la kufanya.
- Tairi zake ni nyembamba pembeni. Jiwe moja kali linatosha. Na BMW nyingi zilitoka kiwandani bila tairi la akiba. Fikirini hilo katikati ya Liboi na Dadaab, jua la saa nane.
- Joto letu ni kali. Mabomba ya maji ya plastiki yakizeeka hupasuka, na injini ikichemka mara moja tu inaweza kuharibika kabisa.
- Mafuta ya mtungi, yenye maji na uchafu, huharibu pampu na nozeli za injini za kisasa. Land Cruiser ya zamani ya dizeli huvumilia kidogo, lakini injini ya kisasa haivumilii.
- Ugonjwa wake hupimwa kwa kompyuta. Ukikosa fundi mwenye kifaa cha aina ya gari lako, unabahatisha, na kila kubahatisha kuna bei yake.

Hatusemi magari haya ni mabaya. Ni magari mazuri mahali pake. Hata ng'ombe wa gredi wa kule Kiambu ni mzuri, lakini ukimleta Liboi umemwonea, na wewe mwenyewe umejionea.

Jambo la tatu: Hesabu ya mafuta

Pigeni hesabu hii pamoja. Safari ya Liboi hadi Garissa na kurudi ni kama kilomita 360.

Gari linalokwenda kilomita 15 kwa lita moja litakunywa lita 24.
Gari linalokwenda kilomita 8 kwa lita moja litakunywa lita 45.

Tofauti ni lita 21 kila safari. Kwa mfano tu, tukiweka lita moja shilingi 200, tofauti ni shilingi 4,200. Kwa safari kumi za mwezi ni shilingi 42,000. Pesa hiyo haikununua kitu. Abiria aliyekaa kwenye kiti cha ngozi analipa nauli ile ile. Kikundi kiweke bei ya mafuta ya leo na kurudia hesabu. Halafu ongezeni oili, tairi, bima na siku ambazo gari limelala gereji.

Jambo la nne: Kokoto za ngamia

Weka kokoto saba chini. Hao ndio ngamia wa kike wa yule kijana. Ngamia hubeba mimba kama miezi 13, na kwa kawaida huzaa mara moja kila miaka miwili. Kwa miaka mitano, ngamia saba wakubwa wanaweza kuzaa ndama kama 17. Ongeza kokoto 17. Sasa ondoa tisa, kwa sababu ya ukame, magonjwa na fisi. Zinabaki 15, na hatujahesabu maziwa ambayo watoto walikunywa na mama aliyouza.

Upande wa pili weka kokoto saba za gari. Kila mwaka gari huondoa kitu. Baada ya miaka mitano mtauza kwa kokoto ngapi? Wanakikundi waseme wenyewe.

Lakini tuwe wa haki. Kijana anaweza kujibu: “Kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022 mvua zilikosa misimu mitano mfululizo. Mifugo ilikufa. Gari halifi kwa ukame.” Ni kweli, na wazee wasilipuuze neno hilo. Familia yenye kipato cha pili ina mahali pa kushika wakati wa shida. Ndiyo maana gari la kazi ni wazo zuri. Ila lazima liwe gari linalofanya kazi. Gari lililolala gereji Garissa likingoja kipuri kutoka Dubai halilishi mtu wakati wa ukame, na ngamia mliowauza hawarudi.

Jambo la tano: Njia za mkato

Sisi wa mpakani tuna majaribu yetu. Mtu atakuambia ng'ambo, huko Dhobley, kuna Prado ya bei nusu. Gari lisilolipiwa ushuru Kenya halina kitabu cha umiliki, halina bima ya kweli, na likikamatwa linataifishwa. Lenye usukani wa kushoto au lililopita miaka 8 haliwezi hata kusajiliwa. Mpaka ulifungwa rasmi mwaka 2011. Mei 2023 serikali ilitangaza kwamba utafunguliwa kwa awamu, Liboi ikiwemo, na Julai mwaka huo huo ikaahirisha kwa sababu za usalama. Tangazo la mpaka kufunguliwa halifuti ushuru.

Mkato wa pili ni mkopo wa haraka unaoshika kitabu cha gari. Ukichelewa kulipa, gari linachukuliwa na pesa uliyokwisha lipa imepotea. Zaidi ya hapo, ndugu zetu Waislamu, ambao ndio wengi hapa, wanajua msimamo wa dini yao juu ya riba. Ziko benki nchini zinazotumia murabaha, ambapo benki hununua gari na kukuuzia kwa faida inayojulikana tangu mwanzo. Uliza jumla yote ni shilingi ngapi kabla ya kutia sahihi. Na zaidi ya benki kuna hagbad yetu, ambayo mama zetu wameiendesha miaka mingi bila karatasi na bila kudhulumiana.

Jambo la sita: Dereva mwenyewe

Gari lenye nguvu nyingi mkononi mwa dereva mgeni ni hatari kwake na kwa abiria. Mwaka 2023, na tena 2024, zaidi ya watu 4,000 walikufa katika ajali za barabarani nchini Kenya. Lami ya Garissa kwenda Nairobi imenyooka, na usiku ngamia hupita bila taa. Kijana aendeshe kwanza gari la kawaida mwaka mmoja au miwili. Heshima anayoitafuta ataipata siku atakapofikisha mgonjwa hospitalini salama.

Basi kijana afanye nini?

1. Atafute kazi kabla ya gari. Aende Dadaab aulize wanaokodi wanataka gari gani. Atasikia juu ya Land Cruiser na magari ya kupanda mchanga.
2. Achague gari ambalo vipuri vyake viko Garissa na fundi wake yuko karibu: pickup, Probox au Surf iliyotunzwa.
3. Aende na fundi wake, si fundi wa muuzaji. Waliwashe injini ikiwa baridi, waliendeshe, waangalie chini. Mita ya kilomita hurudishwa nyuma, kwa hiyo waangalie pia kuchakaa kwa pedali, viti na usukani.
4. Atafute rekodi za gari kwa NTSA kupitia eCitizen: mwenye gari ni nani, na je, lina deni? Namba ya chesisi ilingane na kitabu.
5. Alipe kupitia benki, kwa mkataba, mbele ya mashahidi. Umiliki uhamishwe ndani ya siku 14 kama sheria inavyotaka.
6. Asimalize pesa yote kwenye bei. Kwa kila shilingi nne, abakize moja ya matengenezo ya mwaka wa kwanza.
7. Wauzwe madume na mbuzi kwanza. Ngamia wa maziwa wasiguswe bila mama wa nyumba kukubali. Pesa ikipungua, asubiri, au vijana watatu waungane.

Maswali ya kujadili

1. Katika kijiji chetu ni magari gani yameegeshwa bila kutembea? Yalikwamia wapi?
2. Tunampa kijana heshima kwa sababu ya kazi yake au kwa sababu ya gari lake? Sisi wazee tumechangia nini katika hilo?
3. Katika igizo, mama aliulizwa mwisho. Kwetu huulizwa lini?
4. Kikundi chetu kinaweza kuwa na gari la kazi la pamoja? Nani angelitunza, na pesa zingehifadhiwa wapi?

Kazi ya kufanya kabla ya mkutano ujao

Watu wawili wamtembelee fundi mmoja mjini. Wamuulize bei ya vitu vitano: gia boksi, shokapu mbili za mbele, rejeta, tairi nne na pampu ya mafuta. Waulize kwa Probox, kisha kwa Mercedes. Waandike bei hizo pande mbili za karatasi moja na kuileta mkutanoni, na yule kijana anayetaka gari ndiye aisome kwa sauti.