SOMO LA MWEZI: KUTOA WAKATI HATUJUI YA KESHO

Tusome: Matendo 11:27-30 na 2 Wakorintho 8:1-15



Mwaka 2023 hatutausahau hapa Nyarugusu. Mwezi wa tatu posho ilipunguzwa, na mwezi wa sita ikashuka hadi nusu. Tangazo la nusu lilipotoka, ndoo ya unga wa wagonjwa na wajane kanisani ilianza kupungua kabla unga haujapungua nyumbani. Mama mmoja aliyezoea kuleta vikombe viwili alileta kimoja, kisha hakuleta. Tulipomtembelea alisema, "Mchungaji, ninao, lakini sijui mwezi ujao."

Tusimhukumu. Nasi wachungaji tulikaza mikono vilevile. Mwenye mshahara anaweza kuwa na kidogo na bado akatoa, kwa kuwa anajua mwisho wa mwezi kitakuja kingine. Mkimbizi anaweza kuwa na debe zima akaogopa, maana posho, kibarua, hata pesa ya ndugu aliye ng'ambo, vyote viko mikononi mwa wengine. Woga huu si lazima uwe uchoyo. Yusufu aliweka akiba Misri miaka saba, wala hakukemewa.

Lakini tuangalie kanisa la Antiokia. Agabo alitabiri njaa kubwa ya kuenea kote, nayo ikaja kweli siku za Klaudio. Watu wa Antiokia hawakuahidiwa kwamba wao itawapita. Kwa akili yetu wangefunga maghala. Wao waliamua kuwasaidia ndugu wa Uyahudi, wakatuma kwa mkono wa Barnaba na Sauli. Na hapa kuna jambo tunalopita haraka: kila mmoja alipima uwezo wake mwenyewe.

Paulo naye anawaambia Wakorintho kwamba Mungu huangalia kile mtu alicho nacho, hamdai asicho nacho. Hapo ndipo sisi tulikosea. Tulikuwa na daftari la ahadi. Mtu anaandikwa, "Kila mgao kilo mbili," yaani ahadi juu ya posho ambayo bado haijafika. Posho ilipokatwa, mashemasi waliendelea kusoma majina mbele ya watu. Familia kadhaa ziliacha kuja ibadani kwa aibu. Tunapenda sana kuhubiri Wamakedonia maskini waliotoa kupita uwezo wao. Ni kweli, lakini walitoa kwa hiari, tena wakiomba wenyewe. Hakuna aliyewasomea majina. Tulikwenda nyumba kwa nyumba kuomba msamaha, na daftari tukaliacha.

Siku hizi ndoo inawekwa siku ya mgao, unga ukiwa mkononi. Anayeweza anatia kikombe, nusu, au konzi moja, bila jina. Asiyeweza apite kwa amani, na mwenye shida achote. Haijai kama zamani, tusidanganyane. Lakini yule mama alichota humo mtoto wake alipolazwa, na mgao uliofuata akarudi kutia. Ndio ule usawa wa Paulo: leo ziada ya huyu inaziba pengo la yule, kisha inageuka. Kwetu hugeuka ndani ya mwezi mmoja.

Tujadiliane nyumbani:
Posho ikikatwa, tunaanza kupunguza kitu gani kwanza?
Akiba yetu ni ya siku ngapi, na jirani yetu anayo ya siku ngapi?
Nani katika kijiji chetu hana wa kumwomba?