Mlisho wa Habari na Saa za Mpakani

Mwanafunzi wa Tunduma anayeanza kutumia kisoma-milisho, yaani programu ikusanyayo habari mpya za tovuti mbalimbali mahali pamoja, hukwama kwanza kwenye anwani. Huandika anwani ya ukurasa wa kawaida, na mara nyingi programu haioni kitu. Itakiwayo ni anwani ya mlisho wenyewe: faili la maandishi, kwa mfano la muundo wa RSS uliobuniwa mwaka 1999. Programu hulirudia faili hilo kila baada ya muda na kuchukua yaliyoongezeka.

Kikwazo cha saa ni kigumu zaidi. Saa za Tunduma huzitangulia za Nakonde, upande wa Zambia, kwa dakika 60. Habari ya Tunduma ya saa 4:00 asubuhi huandikwa katika mlisho 10:00 +0300. Ya Nakonde ya wakati ule ule huandikwa 09:00 +0200. Programu hutoa saa 3 katika ya kwanza na 2 katika ya pili, ikapata 07:00 ya Greenwich kwa zote mbili.

Mtoaji akisahau +0300, programu yaweza kudhani kuwa 10:00 ni ya Greenwich. Habari hiyo itaonekana Tunduma kuwa ya saa 7:00 mchana, juu ya tangazo la saa 5:00 lililoitangua. Mwezi Mei 2020 Zambia ilifunga mpaka wa Nakonde kwa siku chache kwa sababu ya korona. Siku kama hizo, dereva wa lori aliyesoma la juu tu angepotoka. Mwanafunzi na alifungue faili la mlisho, aitafute alama hiyo baada ya saa.