Kufuma Shali Isiyo na Upande wa Ndani



Wengi wenu mmekwisha kufuma masweta ya watoto, tena mazuri. Lakini sweta na shali si kazi moja. Sweta lina ndani na nje, na ndani yake hakuna aionaye ila yeye alivaaye. Shali haina ndani. Hutupwa begani, ncha moja hugeuka, upepo huikunja, na upande ule tuliodhani umefichwa ndio huonekana kwanza. Jambo hili sisi tulijifunza kwa aibu.

Miaka kadhaa iliyopita tulimfumia mama mmoja mzee shali ya kujikinga na baridi ya Juni, huko milimani Njombe. Tuliipamba kwa misuko mitatu iliyofanana na nywele zilizosukwa, nasi tukajisifu. Siku alipoivaa mara ya kwanza tuliketi nyuma yake ibadani, tukaona ya kuwa mkono wake mmoja haukutulia. Tangu mwanzo hata mwisho alikuwa akiirudisha ncha ya shali ili upande wa vinundu usionekane na watu. Hakunung'unika hata neno moja, ila sisi tulitambua kwamba tumempa kazi badala ya vazi.

Misuko ya namna hii yajulikana sana kwa masweta ya visiwa vya Aran, magharibi ya Ireland. Husimuliwa ya kuwa kila ukoo wa wavuvi ulikuwa na msuko wake, ili aliyekufa maji apate kutambulikana. Masimulizi hayo hayana msingi. Pengine yametokana na tamthilia ya J. M. Synge, Riders to the Sea, ya mwaka 1904, ambamo msichana aitambua soksi ya ndugu yake aliyezama kwa vitanzi alivyoviacha yeye mwenyewe alipoifuma. Lakini soksi si sweta, wala kitanzi kilichoponyoka si alama ya ukoo.

Kimia nacho kina makwao. Katika kisiwa cha Unst, huko Shetland, wanawake wamefuma shali nyembamba hata zapita katika pete ya ndoa. Na mji wa Haapsalu, nchini Estonia, umepata sifa kwa kazi kama hiyo. Kimia cha Shetland mara nyingi hufumwa juu ya mfumo ambao pande zake mbili hufanana, kwa hiyo hakitupi taabu. Taabu yetu ni msuko.

Na tuangalie kwanza kitanzi chenyewe. Kitanzi cha uso huonekana kama herufi V. Kitanzi cha mgongo huonekana kama kinundu. Wanaoanza hudhani kwamba hivi ni vitanzi viwili mbalimbali. Sivyo. Ni kitanzi kimoja kilichotazamwa mbele na nyuma. Msuko wa kawaida hufumwa kwa vitanzi vya uso vitupu, kwa hiyo nyuma yake hapana budi kuwa na vinundu vitupu. Lakini tukifuma uso mmoja, mgongo mmoja, uso mmoja, mgongo mmoja, kama mbavu zilizo kwenye ukingo wa sweta, kila upande hupata nyuso zake. Mbavu hukazana, migongo huzama katikati yake, na macho huona nyuso tu. Mbavu hizo zikipishanishwa, msuko hutokea pande zote mbili. Tena huelekea upande mmoja, kama kamba iliyosokotwa: igeuzeni mpendavyo, msokoto wake haubadiliki.

Msianze shali kabla ya kujaribu. Chukueni uzi wa unene wa kati na sindano za milimita 5, mwanzishe vitanzi 18: vitatu vya ukingo, 12 vya msuko, vitatu vya ukingo. Vya ukingo hufumwa uso daima. Vile 12 huanza na uso na kuishia na mgongo, nanyi mtakapogeuza kazi mtaona ya kuwa upande wa pili nao waanza na uso na kuishia na mgongo. Hakuna la kukumbuka zaidi ya hilo.

Katika mstari wa 7 hamisheni vitanzi 6 vya kwanza vya msuko, bila kuvifuma, kwenye sindano fupi ya tatu, mkaiache mbele ya kazi. Fumeni 6 vinavyofuata, uso na mgongo kwa zamu. Kisha rudini mkavifume vile 6 vilivyongoja, vivyo hivyo. Asiye na sindano ya tatu atumie kipande cha njiti ya mianzi kilicholainishwa vizuri. Sisi tumetumia hata spoki ya baiskeli. Kila nusu ya msuko sharti iwe na vitanzi vya hesabu shufwa, ianze na uso na kuishia na mgongo, ili mbavu zisivurugike zinapokutana. Nasi twawaonya: vitanzi vikikazwa mno, mstari huu utawaliza.

Jaribio likisha kukubali, anzisheni shali yenyewe kwa vitanzi 72, kwa mkono mlegevu. Mpango ni huu: ukingo 3, msuko 12, kimia 15, msuko 12, kimia 15, msuko 12, ukingo 3. Hesabu hurudi kila baada ya mistari 12. Misuko yote mitatu hupishanishwa katika mstari wa 7. Kimia hufumwa uso kila mstari, isipokuwa mistari ya 3, 6, 9 na 12, ambayo ni ya matundu: fumeni uso mmoja, kisha zungusheni uzi juu ya sindano na kufuma vitanzi viwili pamoja, mara saba. Uzi uliozungushwa huongeza kitanzi, viwili vilivyofumwa pamoja hupunguza kimoja, na hesabu hubaki 15.

Kwa nini kila mstari wa tatu, wala si wa nne? Kwa sababu tatu ni hesabu witiri. Mstari mmoja wa matundu huangukia upande huu, na unaofuata huangukia upande wa pili. Hivyo hakuna upande upendelewao. Hili tuligundua kwa kukosea kuhesabu, wala hatuoni haya kulisema.

Ikitoka sindanoni, shali itaonekana imejikunyata: mbavu zimevuta, na kimia kimefumba. Msikate tamaa. Iloweni katika maji ya vuguvugu, ikamueni ndani ya taulo pasipo kuisokota, mkaitandaze na kuibana kwa pini mpaka ikauke. Vuteni kimia, lakini misuko iacheni kama ilivyo, maana ikivutwa hulala bapa. Hayo yote ni kwa uzi wa sufu. Uzi wa akriliki, ambao wengi wetu ndio tunaoununua kwa kuwa bei yake ni nafuu, hautii sana maji peke yake, na pasi ya moto ikiugusa huuharibu. Mwenye uzi huo na atumie sindano nene zaidi tangu mwanzo, ili matundu yafunguke yenyewe.

Ile shali ya kwanza tulikwenda kuiomba. Yule mama alisita, akidhani twamnyang'anya. Tuliifumua mbele yake, jioni nzima, naye akazungusha uzi kuwa mabonge, kwa kuwa hakutaka kukaa bure. Tulipomrudishia ilikuwa Agosti, na baridi ilikuwa haijakwisha. Aliipokea mlangoni, akaitupa begani bila kutazama ni upande gani, akaingia jikoni kutupikia chai.