Somo la Wafanyakazi: Kupima Maneno na Kupima Kuni



Waajiri hutugawia karatasi za maswali juu ya mazingira. "Je, unapenda miti itunzwe?" Nani atajibu kuwa hapendi? Basi tujifunze kutofautisha kupima fikra na kupima matendo.

Fikra hupimwa kwa ngazi, kuanzia "sikubali kabisa" hadi "nakubali kabisa", njia aliyoitoa Rensis Likert wa Marekani mwaka 1932. Mwaka 1978 Dunlap na Van Liere walitunga sentensi 12 juu ya binadamu na mazingira, nyingine zikiwa zimegeuzwa makusudi. Anayekubali kwamba miti inakwisha, kisha akakubali kwamba haiwezi kwisha, anamridhisha muulizaji tu.

Lakini hata jibu la kweli si tendo. Mwaka 1934 Richard LaPiere alieleza jinsi alivyozunguka Marekani na mume na mke Wachina. Katika hoteli na mikahawa 251 walikataliwa mara moja tu. Baadaye alipowaandikia wenye nyumba hizo, zaidi ya 9 katika kila 10 waliojibu walisema hawapokei Wachina!

Sasa tuje Rubondo, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, ambako kuni ni za shida. Mpishi wa shule asiulizwe anapenda nini. Zipimeni kuni kwa mizani kila asubuhi kwa siku 5, pimeni zilizobaki jioni, kisha gawanyeni kilo zilizotumika kwa idadi ya sahani. Andikeni pia chakula kilichopikwa, maana maharagwe hula kuni kuliko uji, na kama kuni zilikuwa mbichi au kavu. Jambo hili la mwisho ndilo linalosahauliwa. Mpishi aliyeletewa kuni mbichi na kupewa mafiga matatu atatumia nyingi hata akiwa mpenda miti kuliko wote, na kosa hilo si lake, ni la aliyenunua.

Ofisini Mbarara kazi ni nyepesi: someni mita ya umeme Ijumaa jioni na Jumatatu asubuhi. Toeni taa ya mlinzi. Unaobaki umeliwa na ofisi tupu.

Karatasi zisiandikwe majina, na hesabu ifike kwanza kwa kamati ya wafanyakazi. Tena angalieni: penye mpishi mmoja, kuandika "mpishi" ni sawa na kuandika jina lake.