Dondoo: kukodi mwongozaji wa nyumba za ibada Posta, Dar es Salaam

Kanisa la Azania Front, lililoanza kujengwa 1898, Kanisa la Mtakatifu Yosefu na mahekalu ya Wahindu ya Mtaa wa Kisutu yanafikika kwa miguu. Kosa kubwa la wageni ni saa, wala si njia.

1. Usiseme "ni karibu, mwongozaji wa nini?" Ramani haikuombei ruhusa kwa mlinzi, wala haijui ibada inaisha lini.
2. Anza asubuhi na mahekalu, kwani mengi hufungwa mchana. Jumapili waachie waumini makanisa.
3. Patana bei kabla ya kuondoka.
4. Vaa viatu vya kuvua upesi, na soksi: sakafu ya ua wa hekalu huunguza.
5. Usipige picha ya anayeabudu.
6. Soko la Kariakoo liwe mwisho, ili usiingie hekaluni na mizigo.