Dondoo muhimu: Vitambaa vya kuoshea gari

Kitambaa kilichofuta rimu kisirudi kwenye bodi. Vumbi la breki lina chembe za chuma, na zikishanasa kwenye nyuzi hukwaruza rangi. Vya rimu viwe na rangi yake, tuseme vyeusi, na ndoo yake yenye mfuniko. Kilichoanguka chini? Kihamie huko huko.

Vya maikrofaiba vifuliwe peke yake, mbali na taulo za pamba zinazoacha manyoya. Dawa ya kulainisha nguo usiiguse: huziba nyuzi, kitambaa kikabaki kusukuma maji badala ya kuyanyonya.

Sponji na glavu za kuoshea zisuuzwe, zikamuliwe, zitundikwe kivulini hadi zikauke kabisa. Kwa unyevu wa Dar au Mombasa, ukungu hauchelewi. Sponji ya nta ikae kwenye mfuko wake.