SOMO LA NYUMBANI: UMEME WA JUA NA UPEPO



Katika mitaa yetu ya Endulen wako watu waliouza mbuzi wawili watatu ili wanunue sola, na haukupita mwaka taa zikawa zinazimika kabla watoto hawajamaliza kusoma. Husema wameuziwa kitu kibovu. Pengine ni kweli, lakini mara nyingi kilichokosekana ni hesabu, nayo haimshindi mtoto wa darasa la tano. Tuifanye pamoja.

Chukua karatasi. Una taa 4 za wati 5 kila moja, nazo zinawaka saa 5 kila usiku: 4 mara 5 mara 5 ni 100. Redio ya wati 5 ikisikilizwa saa 6 ni 30. Simu mbili tuzihesabie 20. Jumla yako ni 150 kwa siku.

Sasa tutazame upande wa jua. Paneli iliyoandikwa wati 50 haitoi 50 mchana kutwa. Hutoa hivyo pale tu jua kali linapoipiga wima. Siku njema tuihesabie saa 5, yaani 250. Toa theluthi moja inayopotea katika joto, vumbi, waya na betri. Zinabaki kama 165. Inatosha, lakini kwa shida. Lakini sisi tunaokaa nyanda hizi za juu twaujua ukungu wa Juni na Julai. Ukipata saa 3 tu za jua, paneli hiyo itakupa 100, na ile ya wati 80 itakupa 160. Kwa hiyo mwenye kununua anunue kwa kufuata mwezi mbaya, asifuate mwezi mzuri.

Endulen iko kama nyuzi 3 kusini mwa ikweta. Tangu katikati ya Machi hadi mwisho wa Septemba jua hupita upande wetu wa kaskazini, na ndimo ilimo miezi ya ukungu. Basi ilaze paneli kidogo kuelekea kaskazini, nyuzi 10 hivi, mvua ipate kuiosha. Kivuli cha tawi moja chaweza kupunguza nguvu yake sana. Kwenye nyumba zetu zenye paa la udongo na samadi, heri kuisimika juu ya nguzo imara ndani ya boma, mbuzi wasiifikie. Ina faida nyingine: tangu mwaka 2022 jamaa nyingi za Ngorongoro zimehamia Msomera, Handeni, na kitu kilichofungwa kwa skrubu hufunguliwa kikahama na mwenyewe.

Betri ndiyo inayokula fedha za watu, kwa hiyo tukae hapo kidogo. Gawa 150 kwa volti 12, utapata 12 na nusu. Hizo ni ampea-saa za usiku mmoja. Weka akiba ya siku mbili: 25. Lakini betri ya risasi na tindikali haipendi kumalizwa. Ikishuka chini ya nusu kila siku hufa upesi. Kwa hiyo nunua ya 50. Betri ya gari haifai, maana imeundwa kuwasha injini kwa nguvu ya dakika moja, si kutoa kidogo kidogo usiku kucha. Zile za lithiamu huvumilia zaidi, ila bei yake iko juu. Kati ya paneli na betri huwekwa kontrola, kazi yake ni kukata umeme betri inapochoka. Kuna mafundi wanaoiruka kwa waya ili mpira uendelee kuonekana kwenye televisheni. Fundi wa namna hiyo mwombeni aende zake.

Na upepo je? Mwaka 1887 Profesa James Blyth wa Uskoti aliwasha taa za nyumba yake kwa kinu cha upepo, akawapa wanakijiji umeme uliozidi. Wakaukataa, wakisema ni kazi ya shetani! Leo karibu na Ziwa Turkana, Kenya, iko mitambo 365 ya upepo. Lakini upepo una ukali wake: kasi ikizidi mara mbili, nguvu huzidi mara nane; ikipungua nusu, inabaki sehemu moja ya nane. Pangaboi lenye upana wa mita 2 laweza kukupa wati 200 upepo ukivuma mita 8 kwa sekunde, na wati 25 tu ukivuma mita 4. Tena hewa ya huku juu ni nyepesi, na mlingoti lazima upite miti yote kwa mita kadhaa. Kwa nyumba moja, sisi tungeanza na jua.

Jambo la mwisho ni la mifugo. Betri ya risasi iliyokufa isitupwe bomani wala kwenye jalala. Ng'ombe huilamba kwa ladha yake ya chumvi, na risasi humpofusha, kisha humwua. Irudisheni dukani mnaponunua nyingine. Wenye maduka wengi huinunua kwa uzito.